Kanda za Masanja Juu ya Majaruba

Sikuzikata mimi kanda za video za kaka yangu Masanja, lakini nilifurahi zilipokatwa, na furaha hiyo nimeikana mpaka nikapata digrii ya kukana. Juzi alituma kwenye kundi la familia picha ya kabati lake jipya, limejaa kanda na mabango ya yule shujaa wa sinema anayeruka na joho. Chini akaandika, akinisema mimi: "Hapa Kabula haingii."

Picha ile ilinirudisha kijijini kwetu Kasoli, nikiwa mtoto. Bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kujaa minadani, na Masanja alinunua kanda zake kwa pesa ya pamba. Nyumbani hatukuwa na umeme wala deki ya kuzichezea, kwa hiyo alizifuta vumbi na kuzinusa tu.

"Usiguse!" alinifokea. "Mikono yako inanuka samadi."

Mchana mmoja nilikuta utepe mweusi wa kanda zake umevutwa juu ya majaruba yetu ya mpunga, kutoka mti hadi mti, unang'aa na kuvuma kwa upepo. Ndege aina ya kwelea walikuwa wamekimbia. Niliamini shujaa ametoka kwenye boksi lake na sasa anaimba, nikacheka kwa sauti. Masanja akanikuta nacheka, akanichapa kwa fimbo ya ng'ombe.

Jana mama alinipigia simu. Mjukuu alikuwa amemwonyesha ile picha.

"Nilizikata mimi. Ndege walikuwa wanamaliza mpunga. Mngekula kanda?"

"Mayu, mbona hukumwambia Masanja?"

"Nilimwambia kabla hajakushika. Sasa angemchapa nani, mimi?"