Damu ya Mzee Casimiro

Mzee Casimiro Huanca alikuwa mchoyo wa damu. Kwao Macusani, juu kabisa milimani, wazee husema mtu huzaliwa na fungu lake la damu, na likimwagika halirudi. Basi midomo yake ilipogeuka zambarau na kichwa kikamgonga mchana kutwa, muuguzi akataka kumtoa chupa moja ya damu kwa kuwa imekuwa nzito mno. Mzee akashusha mkono wa shati, akaondoka. Kwa ubishi, hata punda wake alimwachia njia.

Ikabaki dawa moja, kushuka. Yolanda, bintiye aliyeolewa Camaná, huko pwani kwenye mashamba ya mpunga, akaja kumchukua. Alpaka, mifugo wake wa sufu, wakaachiwa jirani.

Miezi minne alilala fofofo na kula samaki kwa adabu tu. Kila asubuhi alikaa mlangoni akiielekea milima isiyoonekana kutoka pale. Februari ilikaribia, wakati wa kuwafunga alpaka vishada vya sufu masikioni, kazi ambayo mwenye mifugo haifanyi kwa mkono wa mwingine. Aliumia kwa hamu ya kwao, wala hakuificha.

Mwezi wa Januari daktari wa Camaná alimpima, akatabasamu. Damu imepungua uzito. Casimiro akauliza imekwenda wapi, maana hakuna aliyemchanja.

Daktari akamweleza taratibu. Chembe nyekundu za damu ni wapagazi: hubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila kona ya mwili, na damu ikirudi huja na hewa chafu ili itoke kwa pumzi. Milimani oksijeni ni haba, kwa hiyo mwili wake uliongeza wapagazi hata njia zikasongamana. Huku chini hawahitajiki wengi hivyo. Wazee hufa, wachache huzaliwa.

“Huzaliwa lini?” akauliza Casimiro.

“Kila siku, mzee. Hata sasa hivi.”

Casimiro akautazama mkono wake.

“Kwa hiyo ile chupa ningewapa, ingerudi?”

“Ingerudi. Wiki chache tu.”

Miezi minne ya ugeni, kwa chupa moja! Alitamani kujizaba kofi. Badala yake akasema atapanda wiki hiyo hiyo, na damu ikiwa nzito tena atanyoosha mkono mwenyewe. Daktari akamwonya kwamba atalazimika kupimwa kila mwezi, na huenda siku moja chupa isitoshe. Mzee akakubali yote, upesi mno.

Nje, Yolanda, aliyesikia yote, alikuwa analia.

“Baba, si ulikuwa umeanza kuzoea?”

“Ndiyo, mwanangu. Jana niliota niko nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni hapa. Nikaogopa.”

Yolanda akajifuta machozi, akamshika mkono, wakaenda kuulizia basi la milimani.