Mpaka Kwenye Kijiko

Shangazi yangu alinikuta sokoni Mbeya nimesimama natafuna hindi la kuchoma. Hakunisalimu vizuri. Alisema tu, "Mama yako anauliza kama barabara ya kurudi Igowole imefungwa."

"Haijafungwa, shangazi."

"Basi ni miguu yako iliyofungwa."

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mahali pamoja mpaka nikajulikana na mbwa wa hapo. Nilifanya kazi kwenye kambi za barabara kuu, nikiandika mahudhurio ya vibarua, na kambi ilipohama nami nilihama. Barabara ilipokwisha nikavuka kwenda Zambia, nikarudi, nikajikuta Mbeya bila sababu ninayoweza kuieleza hata leo. Akiba yangu ilikuwa imeshonwa ndani ya koti. Kila mtu aliyenipita karibu sana nilidhani anajua.

Shangazi alikuwa na ujumbe wa mama. Miaka michache nyuma watu wa vilima vya jirani walikuwa wamehamishiwa kijijini kwetu. Sisi hatukuhamishwa, kwa sababu kijiji kilitufuata tulipo, lakini wageni walihitaji mahali pa kulima. Halmashauri ya kijiji ikakubaliana kwamba kabla ya mvua itapita shamba kwa shamba. Palipo na visiki patahesabiwa pori, na pori litagawiwa. Shamba letu, tangu pale nyumbani mpaka bondeni, lilikuwa limejaa visiki vya miwati aliyoipanda baba enzi za kuuza magome. Baba alishakufa, miti ilishakatwa, visiki vilibaki vinachipua kila mwaka kama vinatucheka.

"Hata hilo si kitu," shangazi akasema. "Kule chini kuna chemchemi."

Ndiyo. Chemchemi ilikuwa mwisho kabisa wa shamba, chini ya kisiki kikubwa kuliko vyote. Mama alichota maji hapo tangu alipoolewa. Ikigawiwa, atachota kwa kuomba, na mama yangu hakuwa mtu wa kuomba.

Nilimtuma shangazi jibu: "Mwambie mama naleta kijiko."

Baadaye nilisikia kwamba mama aliketi chini. "Namlilia shamba," alisema, "yeye ananiletea kijiko."

Kambini kijiko kilikuwa kitu kingine. Ni mashine yenye trekta katikati, ndoo pana mbele, na nyuma mkono mrefu wa chuma unaokunjika kama wa mtu, wenye kiganja cha kuchimbia. Niliwahi kuiona ikichimba mtaro wa siku nzima ya vibarua kabla chai haijapoa. Niliiendesha pia, wakati dereva anakula, kwa kumwachia nyama yangu.

Kijiko kimoja kilichochakaa kilikuwa kinauzwa uani kwa mwenye gereji mmoja huko Ilomba. Nilikwenda asubuhi na mapema, kwa makusudi. Ubovu wa mashine hufichwa kwa joto. Ukitaka kuijua, ikute haijaamshwa.

"Ndaga, karibu," akasema mwenye gereji, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Hiki hakijawashwa tangu wiki iliyopita. Tazama." Akapanda, akagusa, injini ikaitika mara moja.

Nilikuwa nimeshaweka kiganja changu kwenye injini kabla hajapanda. Ilikuwa vuguvugu.

"Ina joto," nikasema.

"Jua hilo."

Ukungu ulikuwa bado umeukalia mlima, na mimi nilikuwa na koti mpaka shingoni. Nikamwomba aizime, tungoje ipoe, aiwashe tena.

"Kijana," akasema, "ng'ombe akisimama mwenyewe, unamwangusha ili uone kama atasimama tena?"

Nilijua ananidanganya, naye alijua kwamba najua. Lakini mawingu yalianza kukusanyika kila jioni upande wa Usangu, na sikujua pengine pa kupata kijiko. Nikapasua mshono wa koti. Wakati anahesabu, masikio yangu hayakuwa kwake, yalikuwa kwenye injini, nikiiomba isizimike.

Kutoka siku ile niliishi na hofu moja: nikikizima hakitawaka. Nilishuka Uyole, nikapita Igurusi, malori yakinipita huku madereva wakipiga honi na kucheka. Kitone cha oili kilidondoka kutoka kwenye paipu ya mpira ya ule mkono wa nyuma. Nikakifuta, kikadondoka kingine. Nilijaza dizeli injini ikiwa inanguruma. Jua lilipotua nilikuwa Chimala, kwenye nchi tambarare kama meza. Ningekuwa mlimani ningekiegesha kwenye mteremko ili asubuhi nikiachie kishuke na kujiwasha. Pale hapakuwa na mteremko hata wa kuviringisha chungwa. Nikakiacha kingurume mpaka asubuhi.

Kulipokucha alikuja mfugaji mmoja, mzee wa makamo, mmoja wa wale waliotoka kaskazini na ng'ombe wao kutafuta malisho Usangu.

"Wewe, kitu chako hiki hakilali?"

"Kikilala hakiamki, baba."

"Basi ni kama shemeji yangu." Akakizunguka polepole, akagonga ule mkono kwa fimbo. "Kinaweza kuchimba lambo?"

Nikamwambia kinaweza. Aliniambia ng'ombe wake wanatembea kutwa nzima kufuata maji. Nimchimbie lambo la kunyweshea, atanipa madume mawili, na jirani zake nao watataka. Nikaona maisha yangu yote yananifungukia pale barabarani: mimi na kijiko, lambo hadi lambo, Usangu nzima. Mguu wangu ulikuwa tayari kushuka. Kisha nikatazama mawingu.

"Nikimaliza kwa mama, nitarudi," nikasema.

"Mwenye mama hanunuliwi," akajibu. "Lakini nitakungoja."

Nilifika Igowole siku iliyofuata, mavumbi mpaka kwenye kope. Watu walitoka kutazama. Mama alisimama mlangoni amefunga mikono.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Akakitazama kutoka mbele mpaka nyuma. "Ndicho kijiko chenyewe?"

"Ndicho."

"Sufuria yake utaileta lini?"

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, lakini jioni aliniuliza jambo ambalo alilibeba tangu mchana. "Kwa nini umenunua kitu chenye magurudumu?"

"Ndivyo vilivyo, mama."

"Anayetaka kukaa hujenga. Anayetaka kuondoka ndiye hununua magurudumu."

Nilikuwa nafikiria madume mawili.

Asubuhi aliniambia nianzie bondeni, kwenye chemchemi, kisha nipande. Nikamwambia haiwezekani. Nikikishusha chini kikazimika, hakuna mteremko wa kukiwashia. Lazima nianze juu, pale nyumbani, na kila jioni nikirudishe mlimani. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtu mwenye homa.

Kung'oa kisiki cha mwati ni kazi ya uvumilivu. Unachimba upande mmoja, unakata mizizi, unageuza mashine, unakisukuma kwa ndoo ya mbele. Kikitoka, huacha shimo la kumzika fahali. Mama alinifuata nyuma na jembe, akifukia. Sikumtuma, na nilipomwambia apumzike alisema kijiko kimekula, lazima mtu afute mdomo. Tulikwenda hivyo siku baada ya siku, tukishuka. Oili ilidondoka zaidi. Niliifunga ile paipu kwa mpira wa baiskeli, nikaifunga tena kwa waya. Kila asubuhi nilikiachia mteremkoni, na kila mara injini ilikohoa kwanza ndipo ikashika.

Mvua ya kwanza ilinyesha upande wa pili wa bonde. Tuliiona, haikutufikia. Siku hiyohiyo mjumbe akapita akisema halmashauri inakuja kesho.

Kesho yake asubuhi sikuanza pale nilipoishia. Niliruka visiki vyote vilivyobaki katikati, visivyofika kumi, nikateremka moja kwa moja mpaka karibu na chemchemi, ili niiokoe hiyo kwanza. Nikageuza mgongo wa mashine uelekee bonde, nikanyoosha ule mkono mpaka ulipoishia, nikauzamisha chini ya kisiki kile kikubwa, nikavuta. Ardhi ikatoa mlio. Kisiki kikainuka kiasi cha kiganja.

Kisha paipu ikapasuka. Oili iliruka ikanimwagikia kifuani, ya moto, na mkono ukakaa pale ulipokuwa, umeshika kisiki, bila nguvu ya kwenda wala kurudi. Kwa wasiwasi nikakanyaga vibaya, na injini ikazimika.

Kimya kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kuliko kelele zote za safari ile. Maji ya chemchemi yalisikika. Halafu nikasikia sauti za watu wanateremka.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alikuja na wajumbe, na nyuma yao wageni wachache wakiwa na majembe mabegani, wamekaa kimya kama watu wanaosubiri zamu hospitali. Walipita juu, palipong'olewa, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Walipofika kwenye visiki nilivyoviruka wakasimama.

"Hapa pana visiki," mwenyekiti akasema.

"Nitavitoa kesho, mwenyekiti. Paipu tu."

"Tulikubaliana kwamba ni leo."

Mjumbe mmoja, jirani yetu mwenye maneno, akasema, "Tena tulisema paguswe na jembe. Hiki ni kijiko. Kijiko ni cha uji."

"Wewe jembe lako linajulikana na nani?" mama akamuuliza. "Mkeo ndiye analijua."

Wakacheka, hata mwenyekiti. Lakini alipomaliza kucheka alikuwa bado mwenyekiti. Akatazama wageni, akatazama visiki, akamtazama mama. Mwishowe akasema visiki vichache visimvunje mama moyo, kazi imeonekana. "Shamba la mama linaishia pale kwenye kijiko. Chini ya pale watapewa hawa."

Chini ya pale ndipo penye chemchemi. Nilifungua mdomo kuomba. Mama akanizuia kwa mkono.

"Nimesikia, mwenyekiti. Kwenye kijiko. Kijiko kinaanzia wapi na kinaishia wapi?"

"Mama, kijiko si kile pale?"

"Kile pale ni trekta. Trekta nalijua. Mwanangu alisema kijiko, na mimi nilidhani ananidharau." Akateremka polepole, akapita magurudumu, akaufuata ule mkono wa chuma mpaka mwisho wake, akaweka kiganja kwenye kile chuma kilichozama chini ya kisiki. "Kijiko ni hiki. Na hakijaachia. Mtu aliyeshika kitu mnamwambia si chake?"

Maji yalikuwa yanapita upande huu wa kisiki, kati ya mama na mashine.

Yule jirani mwenye maneno ndiye aliyeanza. "Kwa kweli kijiko ni ile sehemu ya kulia. Mpini si kijiko."

Mwenyekiti akajipangusa uso. "Kwenye kisiki basi. Wageni watachota pia."

"Watachota," mama akasema. "Nani amenyimwa maji?"

Nilikwenda Mbeya kutafuta paipu. Yule mtu wa Ilomba alinipokea kwa upole uleule na kuniuzia nyingine. Niliporudi nikaifunga, nikajaza oili. Mama alinikuta nimepanda, nataka kujaribu kukiwasha.

"Unataka kufanya nini?"

"Kukitoa, mama. Kuna mtu ananingoja Chimala."

"Ukiinua huo mkono, mpaka uko wapi?"

"Tutaweka jiwe."

"Jiwe linahama. Ndugu zako wote wamegombana kwa mawe." Akachukua ndoo yake. "Kiache."

Nikakiacha. Nilikaa msimu mmoja, nikavuna naye, kisha nikaondoka kwa basi. Sasa nimepita arobaini na bado sijajenga popote. Kila ninapopita Chimala natazama upande mwingine wa dirisha, ingawa yule mfugaji lazima alishapata lambo lake kwa mtu mwingine.

Watu wa kule wanapaita Kijikoni, na watoto wa wale wageni hawajui kwa nini. Mara ya mwisho nilipokwenda, niliteremka asubuhi kabla ya jua kutoka. Matairi yamekwisha, ndege wamejenga kwenye kiti, mkono bado umeshika. Niliweka kiganja changu kwenye injini. Ilikuwa baridi kabisa.

Mama alikuwa anachota maji. "Usikitikise," akasema.