Stika za Mafahali na Supu ya Jumatano

Lorabeth Pruitt hakuwa mtu wa kusamehe, na hakuna aliyewahi kumsingizia sifa hiyo pale Dry Fork, Texas. Alikuwa mpishi wa shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita. Ukimjibu ovyo kwenye foleni ya chakula mwezi wa tisa, basi hadi shule ifungwe unapewa kile kipande cha mkate wa mahindi kilichoungua pembeni, na unakila kimya. Lakini hayo yalikuwa madogo. Chuki yake kubwa alikuwa amemwekea mtu mmoja tu, Kocha Garland Stamps. Alikuwa ameilea miaka kumi na mitano, akiilisha vizuri kuliko alivyojilisha mwenyewe.

Sababu ilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake. Humo aliishi mwanawe Clete, mwanamume wa miaka thelathini na miwili, madirisha yamezibwa kwa mablanketi kwa kuwa mwanga ulimpasua kichwa. Shuleni Clete alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na kugongana, mkali kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya timu ya Mafahali. Alipofika mwaka wa mwisho alikuwa amegongwa kichwa mara nyingi hata akapotea njia akirudi nyumbani, mtaa ule ule aliozaliwa. Siku hizi aliwasha jiko akalisahau. Aliuliza jambo moja mara nne kabla ya staftahi, kisha akalia, maana aliona usoni mwa mama yake kwamba ameuliza tena.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kocha Stamps hakuwahi kuwasikia wahenga hao, na angewasikia angewacheka. Kila Jumanne aliipanga timu nzima duara, akaliita duara hilo Zizi, akataja majina mawili mawili. Kila wawili waliingia katikati, filimbi ikalia, wakakimbiliana helmeti kwa helmeti kama wamerogwa. Aliyebaki amesimama alipewa stika nyekundu ya kichwa cha fahali, ikabandikwa kwenye helmeti yake. Ijumaa, siku ya mechi, mji mzima ulikaa uwanjani ukihesabu stika za watoto wa wenzao, na mama ambaye mwanawe ana stika tatu tu alikaa safu ya nyuma.

Kocha alitaka kila stika iandikwe: tarehe, nani kamgonga nani, na kama ilikuwa Zizini au kwenye mechi. "Historia hiyo, Lorabeth!" alikuwa akisema. "Siku moja watajenga makumbusho hapa!" Na mwandishi alikuwa nani? Lorabeth mwenyewe, tangu mwaka Clete alipoingia timu. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana zile helmeti zilipangwa juu ya meza zake, naye akapita na kitambaa kibichi, anafuta, anabandika, anaandika. Clete alipoharibika, watu walitegemea ataiacha kazi hiyo. Hakuiacha. Wakasema, maskini, amesamehe. Thubutu! Lorabeth alitaka tu kukaa karibu na adui yake mpaka ampate.

Alikuwa na daftari la pili pia, la supu. Kila Jumatano wachezaji wawili watatu walifika dirishani nyuso zimepauka, wakaisukuma sinia. "Mama Pruitt, harufu tu inanichefua." Aliwapa supu ya kuku na biskuti za chumvi. Kwa kuwa ofisi ilikataza kutoa chakula kisicho kwenye ratiba bila maelezo, aliandika jina na tarehe. Madaftari hayo mawili yalikaa rafu moja, juu ya pipa la unga, miaka nenda miaka rudi, na yeye akipita chini yake kila siku.

Aliyeyagusa yote mawili siku moja alikuwa mwalimu mpya wa hisabati, Odalys Treviño, aliyekuja jikoni kuomba takwimu zozote za wanafunzi wake kufanyia mazoezi.

"Bi Lorabeth, haya umewahi kuyalinganisha?"

"Kulinganisha nini, binti? Moja la upuuzi, moja la supu."

"Basi soma hapa. Huyu kapata stika Jumanne. Sasa soma kwenye supu, Jumatano."

Lorabeth akasoma. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Akakaa kwenye gunia la viazi, na maharagwe yakaungua jikoni kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Likizo nzima walishinda mbele ya kompyuta ya mwalimu, Lorabeth akisoma, Odalys akiingiza. Stika elfu nne na ushei, supu mia sita na arobaini, miaka kumi na saba. Majibu yalipotoka yalikuwa wazi hata kwa mtu aliyeishia kukata vitunguu. Katika kila supu kumi, saba zilinywewa Jumatano, kesho yake ya Zizi. Jumatatu, siku ya kwanza ya shule baada ya zile mechi za Ijumaa zilizolaumiwa na kila mtu, haikukaribia. Tena, waliokuwa wakinywa supu si wale walioangushwa tu. Washindi walikunywa sawa na walioshindwa, na mwenye stika zaidi ya thelathini kwa msimu alikunywa mara tatu zaidi ya wenzake. Kocha siku zote alisema kichwa kinamuuma asiyejua kugonga. Kumbe wapi! Hata mwaka ule wa mafuriko, uwanja ulipojaa maji na Zizi likakosekana wiki tano, Mafahali walishinda mechi zile zile wanazoshinda kila mwaka.

"Nimempata," Lorabeth alisema. "Za mwizi arobaini. Nataka atoke mji huu akitazama viatu vyake."

"Polepole, Bi Lorabeth. Supu si daktari. Tuseme tunachokijua, tusiongeze chumvi."

"Chumvi niachie mimi, binti. Ndiyo kazi yangu."

Bodi ya shule ilikutana mwezi wa nane, saa kumi na moja jioni, humo humo kwenye ukumbi wa chakula. Kocha aliingia na kofia yake na tabasamu lake, akishika watu mabega.

"Dada Lorabeth! Nasikia siku hizi umekuwa mwanasayansi. Supu nayo inataka hesabu?"

Watu wakaangua kicheko.

"Cheka, Kocha," alimjibu. "Cheka sana leo, meno yapigwe na upepo."

Odalys alionyesha grafu ukutani bila mbwembwe. Nguzo ya Jumatano ilisimama juu ya siku nyingine zote, na kicheko kikaisha chenyewe. Mama mmoja safu ya tatu akasimama, mkoba ameubana kifuani. "Na wangu? Wangu alikunywa?"

Lorabeth hakufungua daftari. "Mwezi wa kumi, mara tatu. Ya tatu hakuimaliza."

Yule mama akakaa. Kocha akainuka, shingo imewiva.

"Takwimu za jikoni hizi! Haya, waambie wenzako. Hilo daftari la stika kaliandika nani?"

"Mimi."

"Na kila stika ilibandikwa na mkono wa nani?"

"Wangu."

"Basi tulikuwa wote!"

"Ndiyo maana najua idadi yake, Kocha," alisema Lorabeth. "Wewe ulikuwa unazigawa tu."

Kura zilikuwa tano kwa mbili. Zizi likafutwa, stika zikafutwa, na mkataba wa Kocha ukaishia hapo. Alitoka kwa mlango wa jikoni ili asipite katikati ya watu, na kweli, alikuwa akitazama viatu vyake. Lorabeth alisimama mlangoni akamtazama hadi gari lake lilipokata kona. Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina ladha. Kina ladha, tena tamu, na yeye aliila yote akaramba na vidole.

Alifika nyumbani akiimba. Akaingia chumba cha nyuma bila kuvua viatu. Clete alikuwa ameketi gizani kitandani, helmeti yake ya zamani mapajani, anaipapasa.

"Tumemmaliza, mwanangu!"

"Nani, Mama?"

"Kocha Stamps. Wamemfukuza."

Clete akakunja uso. "Kwa nini? Kocha mtu mzuri. Si ndiye aliyenipa hizi?" Akapitisha kidole juu ya stika, moja baada ya nyingine, midomo ikihesabu. "Sitini na moja. Na alivyozibandika vizuri, tazama, hata moja haijabanduka."

Lorabeth angeweza kunyamaza. Pale ukumbini lile jibu, kwamba ni yeye, lilikuwa jepesi mdomoni, akalitupa kama jiwe na likampata adui. Sasa lilikuwa zito. Aliikumbuka kila Alhamisi: kitambaa kibichi, kidole gumba kikikandamiza pembe za fahali ili stika ishike, naye akijipeleka safu ya mbele kila Ijumaa, mama wa sitini na moja.

"Hakuzibandika Kocha," alisema. "Ni mimi, Clete. Nilizibandika mimi."

Clete akafikiri. Kisha uso wote ukamng'aa.

"Asante, Mama."

Lorabeth akaketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta, akashindwa hata kulia. Kidole cha Clete kikaanza tena kupita juu ya stika, moja, mbili, tatu, hadi sitini na moja. Akainua kichwa, akamtazama kama mtu aliyeingia sasa hivi.

"Mama, eti nani alinibandikia hizi?"

Akamjibu. Na kesho yake, kabla ya staftahi, akamjibu mara nne.