Pumzi ya Tarishi

Watu wengi huipenda harufu ya udongo uliolowa. Mimi huniuma kinywani. Kila mvua ya kwanza inapolipiga vumbi, mimi hurudi kwenye ua wetu wa Mji wa Kale, msichana wa miaka tisa, meno yamejaa mchanga.

Nilikuwa nikifuga mtoto wa mbwa, jina lake Tarishi, nyuma ya mbao za baba, aliyekuwa seremala wa milango. Baba hakuwa ameniuliza kama nina mbwa, nami niliona si adabu kumtangulia kwa jibu.

Ijumaa moja, baba akitoka kwenda msikitini, Tarishi alimrukia akailamba kanzu yake. Baba alishika ubao wa mvule akampiga ubavuni, kisha akampiga tena, hata mwili ule mdogo ukagonga kizingiti cha mawe na kutulia. Damu ilimtoka puani. Nilimwekea kiganja, hapakuwa na pumzi.

Nilikuwa nimemwona bibi yangu wa Majengo akimpulizia mwanambuzi aliyezaliwa kimya. Nikaufumba mdomo wa Tarishi kwa mikono miwili, nikaifunika pua yake kwa midomo yangu, nikapuliza. Damu ilikuwa ya moto, yenye chumvi.

"Ondoa kanwa lako hapo," baba alisema. "Ni najisi hiyo."

Nikapuliza tena. Ubao ukanishukia begani. Jirani yetu, Bi Zuhura, akamwuliza baba kutoka dirishani iwapo kanzu ile ndiyo yenye roho. Nilipuliza mpaka macho yakaingia giza, na ndipo kile kifua kilipotikisika chini ya mkono wangu, kikakohoa.

"Baba, yuwapumua."

Baba aliniburuta hadi mtungini akaniosha kinywa kama sheria ya dini itakavyo, mara saba, moja kwa udongo. Alinisugua mpaka fizi zikavuja damu, akihesabu kwa sauti. Alipofika nne macho yake yaliteremka kutoka kinywani mwangu, hesabu ikampotea, akaanza upya. Akafika tano, akaanza tena. Swala ikampita. Mimi niliamini kwamba dhambi yangu ilikuwa imezidi saba.

Tarishi aliishi miaka sita, akichechemea. Kuhusu siku ile, baba hakutamka neno.

Katika ugonjwa wa mwisho wa baba, mimi ndiye niliyekuwa nikimsukutulisha. Asubuhi moja, maji yakimtiririka kidevuni, alinyoosha mkono akapapasa bega langu la kushoto juu ya kanga, mpaka vidole vikakipata kile kivimbe cha mfupa ambacho sikuwahi kumwonyesha mtu. Akaviacha hapo.

Baba alipima mbao kwa unywele, wala hesabu haikuwa ikimshinda. Ndipo nilipofahamu alichokuwa akikitazama pale mtungini, kila hesabu ilipompotea.