Trekta Litapita Wapi?

Kuna asubuhi huku juu ukungu unashuka mpaka magotini, nami nikisimama katikati ya majani na mundu mkononi siioni miguu yangu. Mwanangu analala mgongoni. Namsikia ng'ombe wetu akilia kwa njaa mahali fulani juu yangu, kama yuko mawinguni, na kwa muda najisahau. Naona kama naelea. Halafu kidole cha mguu kinagonga jiwe, nakumbuka niko wapi: shambani kwa mama mkwe, ngazi ya tatu, na mzigo haujafika hata nusu.

Shamba letu lina ngazi nne, zimechongwa ubavuni mwa mlima. Boga likikuponyoka ngazi ya juu utaliokota kwa jirani wa chini, kama atakubali kwamba ni lako. Mawe yake nayajua kwa nyayo. Lipo moja kama kiti. Lipo moja kama kichwa cha mtu anayesali. Kubwa kuliko yote tunaliita Ng'ombe Aliyelala, nalo limelala kwelikweli, ubavu mzima, pale njia inaposhuka kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili. Upande huu jiwe, upande wa pili mstari wa masale, mimea ya mpaka aliyoipanda baba mkwe kabla hajafa. Kila kinachokwenda ngazi za chini kinapita hapo katikati. Mimi napita mara nne kwa siku, majani kichwani, mtoto mgongoni, na mvua ikinyesha nashuka kwa makalio.

Kwa hiyo siku shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alipopanda kutoka Makanya anakochimba jasi, akatangaza kwamba atanunua trekta la familia pamoja na mashine ya kukatia majani, nilidhani Mungu amenisikia mimi binafsi.

Tulikuwa tunakula makande.

"Trekta hasa," alisema. "La bluu. Nyuma unafunga lile pana la kufyekea, linazunguka kama feni. Shamba zima limekwisha chai haijapoa."

"Litapita wapi?" niliuliza.

"Barabarani, shemeji. Kama matrekta mengine."

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, na yeye ndiye aliyeniudhi zaidi, maana mgongo wangu anaukanda yeye.

"Nasema pale kwa Ng'ombe Aliyelala. Litapita wapi?"

"Kwani wewe unajua kuendesha trekta?"

"Sijui. Na wewe unajua kukata majani?"

Mama mkwe akagonga bakuli kwa kijiko. "Mwanangu, mwongezee shemeji yako makande."

Nikamwongezea. Nikamjazia mpaka yakamwagikia suruali.

Wanaume wa nyumba ile shamba wanalijua kwa kulirithi. Watakuonyesha mpaka unapoanzia na babu gani alimshitaki babu gani. Lakini hakuna kati yao aliyewahi kupanda kutoka ngazi ya pili na mzigo kichwani. Kwao shamba ni ile ngazi ya juu, pana, inayoonekana ukiwa mlangoni. Na trekta lingenunuliwa mara moja tu. Likija lisilopita, lingesimama uani, kuku walale kwenye kiti chake, wageni wapige nalo picha, mimi niendelee kubeba majani mpaka mwanangu akomae shingo ayabebe yeye. Hilo ndilo lililonichemsha. Shingo yangu ilishaharibika. Nilikuwa nawaza ya kwake.

Kesho yake nilishuka na kanga ninayombebea mwanangu. Maneno yake yameshafutika kwa kufuliwa, limebaki moja tu, "polepole". Ncha moja niliibana kwenye jiwe, nikaivuta kanga mpaka kwenye sale la mwisho, na ilipogusa nikafunga fundo. Mikono ilikuwa mibichi kwa maji ya majani. Ukungu ulikuwa umejaa, nikabaki nimesimama pale na kipimo changu, nikiliona trekta likija. Halikuwa na rangi wala kelele. Lilikuja likihema kama ng'ombe anayerudi zizini, likapita kati ya jiwe na masale bila kugusa jani, na majani yakawa yanalala nyuma yake yenyewe, taratibu, kama watu waliochoka.

Nikakunja kanga, nikaiweka juu ya begi la safari ya Same, mjini kwenye matrekta.

Ukitazama juu kutoka Same, milima yetu ni laini kama mto wa kulalia. Uongo mtupu. Yadi ya matrekta iko kando ya barabara kuu, upepo wa vumbi unapita, na shemeji alikuwa ameshapanda kwenye lile la bluu, anazungusha usukani. Mume wangu anamshikia kofia. Nilimwamkia mzee fundi aliyekuwa amechuchumaa kwenye kivuli, mikono myeusi kwa grisi, kisha nikainama nikatandaza kanga mbele ya matairi.

Muuzaji, kijana wa shati lililopigwa pasi, akasema, "Mama, hapa hatushoni magauni."

"Na trekta pia hujauza bado," nikamjibu.

Nikanyoosha kutoka ukingo wa tairi hili mpaka ukingo wa lile. Fundo likafika. Likazidi, vidole viwili.

"Si nilisema!" Shemeji alipiga honi. "Linapita na kusalimia linasalimia!"

Niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Magari makubwa yalikuwa yanapita barabarani na mimi siyasikii. Nilikuwa nimerudi kule juu, magotini ukungu, nikitafuta nilipokosea. Mwanangu akateremka kutoka kwa baba yake, akaketi juu ya kanga, akaweka kidole kwenye doa la kijani la maji ya majani. Nikalitazama lile doa. Lilikuwa limekunjamana kama mahali palipofungwa kitu. Na fundo lilikuwa mbali nalo, zaidi ya shibiri, kwenye pindo kabisa, pale wanawake wote tunapofungia hela.

Mimi sikufunga pindoni.

"Mpigie mama," nilimwambia mume wangu. "Weka spika."

Mama mkwe alipokea akicheka kabla hajaulizwa vizuri. "Ah, lile fundo! Niliona limekaa katikati ya nguo kama jipu, nikasema huyu mtoto kaficha hela ya safari, atazidondosha. Nikafungua nikuongezee ya soda ya mjukuu wangu. Kumbe hamna kitu! Nikaona haya, nikalifunga tena pale fundo linapokaa."

Nikapima upya, safari hii mpaka kwenye doa. Tairi la pili lilibaki nje lote.

Shemeji akashuka. "Sawa, basi. Tutang'oa masale mawili matatu pale, yaishe."

Tulikuwa tumesahau kwamba simu bado iko hewani. Mama mkwe alianza kwa Kipare, maneno ambayo sitayaandika, kisha akageukia Kiswahili ili Same yote isikie. "Atakayegusa sale la baba yenu nampeleka mahakamani, hata kama nilimnyonyesha mwenyewe! Nitauza ng'ombe niweke wakili!"

Yule mzee fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Wapare! Kesi ya kuku, ng'ombe anauzwa."

"Mama, ng'ombe akiuzwa majani yatakuwa ya nini?" niliuliza.

Nikasikia kuku wake wakiparua. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Mwanangu, hebu niambie wewe. Hilo trekta litapita wapi?"

Nikaiokota kanga. "Halipiti, mama."

Mzee fundi akajifuta mikono. Aliniuliza mimi, hakumwuliza shemeji: "Ukisimama shambani kwako, mguu mmoja unakuwa juu ya mwenzake?"

"Ndiyo."

"Mawe yanaonekana au yanajificha majanini?"

"Yanajificha."

"Na majani unataka ya kutupa au ya kulisha?"

"Ya kulisha."

"Basi hilo feni liacheni. Likikutana na jiwe linalirusha, na anayelipokea ni mtoto aliyesimama kando. Tena majani linayatafuna kabla ng'ombe hajayaona." Akatupeleka nyuma ya yadi, kwenye pawatila, trekta dogo: magurudumu mawili, mikono miwili mirefu, unatembea nyuma yake. Mbele yake kisu kirefu cha meno kama mashine ya kinyozi. "Hiki kinanyoa. Majani yanalala mazima. Kikigonga jiwe, jino litavunjika, utabadilisha hilo moja. Kinyanyue kidogo ukifika kwenye mawe unayoyajua."

"Anayajua yote," mume wangu alisema. Hilo tu. Nikamsamehe nusu.

Nilitandaza kanga. Magurudumu yakakaa ndani ya doa, nafasi ikabaki. Kisu kilikuwa kinazidi kidogo upande mmoja, lakini fundi alisema unakifungua wakati wa kupita, na shemeji akaniuliza, "Litapita, shemeji?"

"Litapita."

Pawatila tuliyonunua ina kelele. Hilo sikuliota. Mikono inakufa ganzi, moshi unakuingia puani, na wiki ya kwanza nilivunja meno mawili kwenye lile jiwe la mtu anayesali. Huko Makanya shemeji anawaambia watu kwamba alichagua yeye mwenyewe, baada ya utafiti, na nikiyasikia hayo natamani kushuka na mundu. Lakini asubuhi nikifika kwa Ng'ombe Aliyelala nazima, nafungua kisu, nawasha tena, napita. Masale yananigusa kiwiko cha kulia, jiwe halinigusi kabisa. Mama mkwe anasimama juu mlangoni na mwanangu mkononi, hanioni kwa ukungu, anafuata mlio tu, na kila siku anauliza kwa sauti:

"Umepita?"

"Nimepita, mama!"

Ndipo anaingia ndani kubandika chai.