Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Mama

Naona aibu kulisimulia hili, na aibu yenyewe kila ikija inakuja na hasira, kwa hiyo mkinisikia napandisha sauti mnivumilie, maana mpaka leo nikipita kwenye ile korido ya hospitali natazama chini kama mwizi wa kuku.

Mama yangu, Bi Zena, aliteremshwa kutoka kijijini kwetu Kinole, milimani, akiwa hajitambui, homa ya mapafu, akapelekwa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi na kuwekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Siku sita. Siku sita mimi, mwalimu mzima wa darasa la tatu kule Kihonda, nimekaa kwenye benchi na chupa ya uji ambao hakuna wa kuunywa (hawakuruhusu chakula kuingia, lakini ningeendaje kwa mama yangu mikono mitupu?). Anaingia ndugu mmoja tu, asubuhi na jioni, unavalishwa gauni na ndala zao, unasimama pembeni ya kitanda dakika tano, unatolewa. Ukimuuliza sista anakujibu, "Anaendelea." Anaendelea kwenda wapi? "Anaendelea, mama." Madaktari wanapita na mafaili wanaongea Kiingereza chao, ukiwasogelea wanaongeza mwendo. Mimi, mtoto wa watu akichubuka goti shuleni, namwandikia mzazi barua, wao wana mama yangu mzima humo ndani na hawaniambii kitu.

Siku ya saba, nimekwenda shuleni mara moja kuomba ruhusa nyingine, saa nne asubuhi simu ikalia. Sista. "Wewe ndiye binti wa Bi Zena? Njoo sasa hivi. Usije peke yako, njoo na ndugu mwingine, na mbebe khanga mbili na shuka." Nikamuuliza mama yukoje. "Njooni tu, daktari atawaeleza." Akakata.

Sasa niambieni nyinyi. Nani kwetu huku asiyeijua simu ya namna hiyo? Mtu hapewi habari ya msiba kwenye simu, anaambiwa njoo, usije peke yako, akifika ndipo anashikwa mikono na kukalishwa. Na khanga na shuka ni za nini kama si za kumfunika marehemu? Nikaazima khanga kwa walimu wenzangu pale pale ofisini. Kutoka shuleni mpaka hospitali kwa bodaboda ni robo saa, ningeweza kuivumilia hiyo robo saa nikajionee kwa macho yangu. Sikuivumilia. Nikampigia Mjomba Kibwana huko Kinole, kaka yake mama, ambaye kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, na kwa kuwa nimelelewa na watu, sikumwambia mtu mzima kwenye simu kwamba dada yake amekufa. Nikasema, "Shikamoo Mjomba. Sista amepiga, anasema twende na khanga na shuka."

Halafu akasema, "Haya, mwanangu. Tumesikia. Huku tutaandaa, tumzike kabla ya magharibi."

Mdogo wangu Shabani, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye nilimpigia pia, nilimkuta ameshafika kwenye geti la hospitali na ovaroli lake. "Dada, wamesema amekufa?" akaniuliza. Nikamwambia, "Shabani, ulitaka wakwambie vipi?" Basi akaanza kulia, mimi nikampokea, mlinzi akatuona na khanga kwapani akavua kofia na kusema poleni sana, na pole ya mlinzi kwangu ikawa ndiyo cheti cha kifo.

Kwenye korido nilijitupa chini. Wenzangu wa benchi, ambao wiki nzima tulikuwa tunagawana maandazi, wakalia nami, na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa kitanda cha jirani na cha mama akanifunga khanga yake kiunoni ili nisije nikajidhalilisha (nilikuwa nimeshajidhalilisha). Sista akatoka. "Mama, nyamaza, humu ndani kuna wagonjwa." Hapo siku sita zote zikanipanda kichwani. Nikamwambia mmemuua mama yangu, mlikuwa mnajua, anaendelea anaendelea kumbe mnanidanganya kama mtoto mdogo, nyinyi hamna mama? Chupa ya uji nikaibamiza chini, uji ukatambaa korido nzima, daktari aliyekuwa anakuja akateleza akashikilia ukuta.

Ndipo mlango ukafunguliwa, kitanda kikasukumwa nje, na juu yake mama yangu, ameegemezwa mto, macho kodo. Akasema kwa sauti iliyokauka, "Mwajuma, nani amekufa?"

Nilikimbia. Sijivuni, lakini na mwili huu wangu niliruka benchi, na nilikuja kushikwa kule kwenye dirisha la dawa.

Kumbe mashine ilikuwa imetolewa tangu alfajiri, mama anapumua mwenyewe, anahamishiwa wodini. Ndugu wawili ni ili mmoja ashughulikie karatasi na mwingine abaki naye. Khanga na shuka ni za kujifunika, maana nguo za chumba kile zinabaki kule. Nikamuuliza sista huku nafuta uji na dekio walilonipa (ndiyo, nilideki), kwa nini usiniambie hivyo? Akasema haturuhusiwi kutoa habari za mgonjwa kwenye simu. Hata habari njema? "Hata njema, mama." Jamani, mtu ana habari ya kuniokoa roho, anaibana kifuani kama siri ya serikali.

Mjomba nilimpata mara ya nne, mtandao wa milimani ukipenda. Kaburi lilikuwa limeshafika kifuani, turubai limefungwa, maji ya chai yanachemka. Nikamwambia dada yake mzima, anaomba chai. Badala ya kushukuru akaniwakia. "Na kaburi je? Kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu." Wakang'oa mgomba na shina lake zima, wakauzika humo, watu wakanywa chai wakatawanyika.

Nilimficha mama habari hizo siku mbili, Shabani akamwambia. Mama akauliza, "Mgomba upi?" Akamwambia, ule wa ndizi za mkono wa tembo, wa nyuma ya jiko. Akafumba macho. Nilidhani anasali.

"Ule ulikuwa na mkungu," akasema. Kisha akanigeukia. "Wiki nzima unawalaumu wenzako hawakwambii ukweli. Na wewe, kaka yangu ulimwambia ukweli?"

Hospitali sijawasamehe, hilo lijulikane. Lakini nimeapa, mtu akifa nitasema amekufa, akiwa hai nitasema yu hai, na kama sijui nitasema sijui, na wanaosema sina adabu waseme.

Mama yuko Kinole, anapalilia. Ule mgomba ulichipua palepale kaburini, hakuna aliyethubutu kuugusa ila yeye, na mwaka huu amenitumia mkungu wake wa kwanza. Nilikaa nao jikoni siku tatu bila kumenya hata ndizi moja. Akapiga simu. "Mwajuma, kula ndizi hizo. Na siku nikifa kweli, sema mama amekufa. Nimeshazikwa mara moja bila kuambiwa, inatosha."

Nikazimenya.