Baba Alipotafsiri Filamu ya Kihindi na Bunduki Kisogoni

Nimeshaona mtu akiwekewa bunduki kisogoni ili atafsiri filamu ya mapenzi. Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Msicheke kwanza. Nilikuwepo, nimekaa ubavuni kwake, na maikrofoni ya pili nimeishika mimi.

Ilikuwa Bunia, mashariki mwa Kongo, 2002, vita vimechacha. Asubuhi watu wanazika, mchana haohao wanajipanga kwa baba kutazama Wahindi wakikimbizana kwenye maua. Walikuwa wamechoka kuogopa, basi.

Baba yangu, Muzee Katsuva, alihamia Bunia kutoka Butembo kitambo. Alikuwa na chumba cha mbao, televisheni moja, jenereta na kaseti zake. Kihindi hakijui hata cha kuombea maji! Lakini mpe maikrofoni, atakutafsiria mwanzo hadi mwisho. Anatunga. Sauti za wanaume zake, za wanawake zangu. Watu wote walijua tunatunga, na ndicho walichokifuata.

Siku hiyo tuliweka ya vichekesho. Kijana anajifanya fundi redio ili apate kuingia nyumbani kwa msichana anayempenda. Ukumbi umefurika, watu wanajishika mbavu.

Mlango ukapigwa teke.

Blanchard. Nyuma yake wenzake wawili, wote na bunduki.

Huyu Blanchard, kabla ya kushika silaha, alikuwa anauza petroli kwa chupa barabarani. Wajomba zake walikuja kwetu kuleta posa, mimi ndiye niliyeposwa. Sasa nyumbani kwetu msichana huulizwa na baba yake jikoni, wawili tu. Kisha baba anatoka kwa wageni, na jibu linakuwa lake. Hakuna mgeni anayeambiwa msichana alisema nini.

Baba alitoka, akawaambia, "Mutoto yangu hamumuoe. Mimi nimekatala."

Wakarudi na mbuzi wao. Baada ya muda Blanchard akaonekana na bunduki, na kila kona akawa anatangaza kwamba Muzee Katsuva atailipa ile aibu.

Sasa alikuwa amefika kudai.

"Achilia filme iendelee," alisema. "Weye Muzee, tafsiri."

Akasimama nyuma ya baba, akamgusisha bunduki kisogoni. Mwenzake mmoja akaziba mlango.

Na balaa gani hiyo, filamu ilikuwa imefika pale baba wa msichana anapogundua kwamba fundi ni muongo. Anamkunja shati, anamtupa nje, na redio zinamfuata kichwani. Hapo siku zote ukumbi hupasuka kwa kicheko. Siku hiyo ilisikika jenereta peke yake.

"Huyu baba anasema nini?" Blanchard akauliza.

Baba akasogeza maikrofoni mdomoni. "Anasema... karibu, mukwe wangu."

"Karibu, na iko anamutupa inje? Unanichezea? Sema vile ulisema ku nyumba yako!"

Nilimtazama baba. Mtu aliyezoea kuchekesha mtaa mzima, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Nilimchukia Blanchard hadi meno yakaniuma.

"Anasema," baba akatamka kwenye maikrofoni, "mutoto yangu haumuoe. Mimi nimekatala."

Tukasikia bunduki ikikokiwa. Mama Anastasie, muuza maandazi, akaanza kusali kwa sauti.

Kwenye skrini msichana akatokea dirishani, akafungua mdomo kuzungumza. Na sauti za wanawake ni zangu.

"Si baba," nikasema. "Ni miye nilikatala."

"Kaswera, nyamaza!" Baba alifoka.

Sikunyamaza. "Baba aliniuliza ku jiko. Nikamuambia simutake Blanchard. Yeye alibeba tu neno yangu."

Blanchard akanigeukia, na bunduki ikageuka naye.

"Weye?"

"Miye."

"Juu ya nini? Nilikukosea nini?"

"Hapana kitu. Sikukupenda."

Yule wa mlangoni kicheko kikamponyoka. Blanchard alimkata jicho, kicheko kikakatika palepale. Mimi nikajua nimekwisha. Mwanaume mwenye bunduki anachekwa na rafiki yake, na aliyesababisha nimekaa mbele yake.

Lakini akarudi kwa baba. Sauti ilikuwa imebadilika, kama ya mtu aliyedhulumiwa yeye.

"Muzee, juu ya nini haukuniambia? Siku zote nilikuwa nakungojea ku njia nikuue. Bure!"

Baba hakugeuka.

"Ningekuambia, ungemungojea yeye."

Tulimsubiri Blanchard abishe, aseme hapana, asingefanya hivyo. Hakubisha.

Akaipiga televisheni risasi. Wakaondoka.

Kulipopambazuka tulishika njia kurudi Butembo. Hadi tunapita Irumu baba hakunisemesha. Alikuwa na hasira na mimi, kwamba kitu alichokificha kwa shingo yake nilikimwaga mbele ya watu.

Wadada, mkimwona mzazi anafukuza wachumba na mji mzima unamwita mkali, msikimbilie kumsema. Pengine amelibeba neno la binti yake ili risasi ikija imkute yeye.

Na weye Blanchard, kama uko hai na unasoma hapa: bado sikutaki.